Daktari wa mifugo wa Kongowea aliyeniokolea sungura

Jamani kama mwafuga sungura hapa Mombasa, yule daktari wa agroveti (duka la dawa za mifugo) karibu na soko la Kongowea ni mtu wa kazi wallahi. Sungura wangu alizaa watoto 7, siku ya tano nikaona hali chakula na akiwakimbia wanawe, kumgeuza tumboni chuchu mbili zimevimba, ngumu kama jiwe, moto, na moja ishaanza kuwa ya bluu. Nilianzia duka lingine nikauziwa antibayotiki ya amoksilini ya kumnywesha, bahati nzuri sikumpa.

Daktari alipoiona tu akanizuia, akasema dawa hiyo ikipitia mdomoni inaua bakteria wazuri wa tumbo la sungura na inaweza kummaliza kwa kuhara. Yeye alimpima joto, akamdunga antibayotiki na ya maumivu, akanionyesha kukanda chuchu kwa kitambaa cha maji vuguvugu, taratibu, bila kukamua kwa nguvu. Pia akanikataza kuwahamishia watoto kwa mama mwingine maana wanaweza kumwambukiza, nikawa nawanyonyesha kwa sirinji. Sanduku la kuzalia nikaliosha, nyasi nikatoa zote.

Nililipa shilingi 1,800 pamoja na sindano za siku zilizofuata, si rahisi lakini alinipigia simu mwenyewe kesho yake kuuliza. Siku ya tatu mama akala majani. Watoto 2 walikufa, imeniuma sana, 5 wako hai.

Shida yake ni foleni tu, wahini asubuhi.