Chrysler C-300 ya 1955: injini usiitilie shaka, breki zikague

Kwa anayetaka gari la Kimarekani lenye nguvu la miaka ya hamsini, na anayetaka kuliendesha badala ya kulifunika turubai, Chrysler C-300 ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Zilitengenezwa 1,725 tu, na rangi za kiwandani zilikuwa tatu: nyeusi, nyekundu na nyeupe ya platini. Ukiletewa ya buluu inayodaiwa kuwa haijabadilishwa rangi, usipoteze muda wako. Soma pia namba. Ya gari iwe kati ya 3N551001 na 3N552725, na ya injini ianze na 3NE55. Fanya hivyo kabla hujafungua boneti, maana imeunganishwa kutoka modeli nyingine za kampuni hiyo hiyo: bodi yake ni ya New Yorker, ubavu wa nyuma umetoka kwenye Windsor na grili ni ya Imperial. Mwenye New Yorker na spea za kutosha anaweza kuunda "C-300" ambayo Chrysler hawakuitengeneza kamwe.

Injini ndiyo roho ya gari hili. Ni V8 ya Hemi (yaani vyumba vya mwako vyenye umbo la nusu tufe) ya lita 5.4, kabureta mbili za Carter zenye midomo minne kila moja, nguvu za farasi 300. Tim Flock alichukua ubingwa wa NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, mwaka 1955 akiendesha Chrysler 300 za timu ya Carl Kiekhaefer. Injini iliyofufuliwa na fundi anayejua kazi bado inavuta vile vile. Giaboksi ya otomatiki ya PowerFlite ina gia mbili tu, kwa hiyo gari linaondoka kwa uzito kidogo. Injini ikishachanganya, gari lenye kilo kama 1,800 linasukumwa mbele bila kukatika. Barabara kuu ndiko utamu wake ulipo.

Tapeti zake (vipande vinavyosukuma valvu) hazijirekebishi kwa presha ya oili, hivyo mlio mwepesi wa kugongagonga ni wa kawaida. Cha kuogopa ni ukimya: valvu zimebanwa mno, hazifungi sawasawa, na za egzosti zitaungua. Muulize muuzaji anaweka oili gani. Oili nyingi za magari ya kisasa zina zinki kidogo, na kamshafti ya aina hii, shafti inayosukuma tapeti, huliwa mapema bila zinki. Kisha chomoa waya za plagi. Plagi zimezama katikati ya vifuniko vya valvu, ndani ya mirija yenye sili zake. Sili zikichoka, oili hujaa kwenye mrija, kofia ya waya hulowa, na injini huanza kukosa moto silinda moja moja. Wengi hukimbilia kufungua kabureta, kumbe dawa ni sili za bei ndogo. Kabureta nazo zisawazishwe kwa kutenganisha kwanza fimbo inayoziunganisha. Ukirekebisha zikiwa zimeunganishwa, moja inaibeba nyingine na hutaona kosa.

Umeme ni volti 6, na chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Atakayefunga betri kwa mazoea ya magari ya leo ataunguza vitu. Nyaya za betri lazima ziwe nene kuliko za volti 12, kwa sababu stata inavuta ampea karibu mara mbili kwa kazi ile ile. Lijaribu hivi: liendeshe mpaka lipate moto kabisa, lizime, subiri dakika kumi, liwashe tena. Stata ikizunguka kivivu, angalia unene wa nyaya na usafi wa ethi kabla ya kumlaumu mtengeneza stata.

Breki ndizo zinazotutia wasiwasi, kwa gari lenye mwendo huu. Ni za drum magurudumu yote manne, na mfumo wa maji ya breki ni mmoja, kwa hiyo bomba moja likipasuka pedali inazama hadi sakafuni. Viatu vya breki visipowekwa katikati ya drum, gari huvuta upande mmoja hata kama kila kitu ni kipya. Drum za nyuma zimekaa kwenye ekseli iliyochongoka na hutoka kwa pula tu, yaani kifaa cha kuvutia. Ukiona alama za nyundo, jua aliyefanya kazi hakuwa na kifaa.

Giaboksi haina P, ile nafasi ya kuegesha. Breki ya mkono ndiyo pekee inayolishika gari likiegeshwa, na drum yake iko nyuma ya giaboksi. Sili ya hapo ikivuja, oili inalowesha breki na gari linateleza kwenye mteremko. Lisimamishe mlimani, weka N, vuta breki ya mkono, uone.

Na ukitaka kufungua magurudumu ya upande wa kushoto, zungusha kulia. Nyuzi zake zimegeuzwa, na gereji zisizojua hilo huvunja bolti.