Nilivyokutana na mchoma chokaa wa 1859: chumba cha picha za chapa, British Museum

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa Unguja. Alipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, akakesha na moto. Ndiyo maana niliposikia kuwa mchoraji Mmarekani James McNeill Whistler alimchora mchoma chokaa wa London mwaka 1859, niliagiza nakala mtandaoni. Nilisikitika ilipofika. Mistari imegandana, nguo zimegeuka doa jeusi, uso umefifia.

Rafiki akaniambia niende British Museum, makumbusho ya London, nikaione yenyewe katika chumba cha picha za chapa, hawatozi hata senti. Ni kweli. Unaomba miadi mapema, unataja picha unazotaka, unakwenda na kitambulisho. Kalamu ya wino ni marufuku, penseli tu. Ukaketi, picha inawekwa mbele yako, hakuna kioo katikati.

Ni ndogo, kama sentimita 25 kwa 18. Nikainama. Pembeni karatasi imebonyea, na huo ndio ukingo wa bamba la shaba lililokandamizwa juu yake. Whistler alilipaka bamba nta, akakwaruza kwa sindano, tindikali ikala pale palipokwaruzwa, wino ukaingia humo. Kwa hiyo kila mstari ni mfereji. Kivulini mistari imepishana tabaka juu ya tabaka, lakini bado unaiona mmoja mmoja. Kwenye nakala yangu yote hiyo ilipotea. Bwana amesimama katikati ya mbao na maboriti, nuru ya nje iko nyuma yake, anakutazama. Na jina lake lipo: W. Jones, mchoma chokaa wa Thames Street. Hapo nilitulia kitambo. Babu hakupigwa picha hata moja kazini kwake.

Niliomba pia "Black Lion Wharf" ya mwaka huohuo, picha ya gati la Mto Thames, London. Majengo ya ng'ambo ya mto yamechorwa kwa subira ya ajabu, ila kijana aliyeketi mbele amepewa mistari ya harakaharaka. Wengi wanaisifu sana. Mimi nilitamani yule kijana angepewa subira ileile waliyopewa matofali. "La Mère Gérard" ya 1858 ndiyo iliyonishika zaidi: bibi muuza maua wa Paris, amezeeka, amesimama peke yake, na hakuna popote alipodhihakiwa.

Ukienda, chukua lenzi ya kukuzia, na usiombe picha kumi. Mimi tatu zilinimalizia saa mbili. Chumba kiko juu, upande wa chumba namba 90, kwa hiyo fika mapema maana jengo ni kubwa na watu ni wengi.

Nimeshaomba miadi nyingine. Safari hii naenda na mama; nataka amwone W. Jones, kisha anieleze babu alisimamaje mbele ya tanuri.