Jiko la Kubeba Mlimani: Lipi Ununue Nairobi, na Ubebe Fueli Kiasi Gani

Anayejiandaa kupanda Mlima Kenya huanza kwa kuuliza jiko lina gramu ngapi. Aanze na fueli: ataipata wapi mjini, itawaka vipi kwenye baridi na upepo, na abebe kiasi gani. Jiko la gramu 25 linalomaliza kopo la gesi siku ya pili ni mzigo kuliko la gramu 120 linalokufikisha Chogoria, unakoshukia mlima. Ndiyo maana majiko manne yaliyo hapa chini yamepangwa kwa kutazama jiko, fueli na kinga ya upepo kwa pamoja, kwa mtu mmoja hadi watatu wanaojibebea mizigo yao kwa siku tatu au zaidi.

Kwa safari ya siku moja, iwe Ngong, Longonot au kilele cha karibu cha Aberdare, usinunue jiko. Thamosi ya chuma ya lita moja iliyojazwa chai nyumbani inatosha, nayo haihitaji kiberiti mvua ikinyesha.

1. Jiko dogo la gesi linalofungwa juu ya kopo

Hili ndilo la kwanza kwa watu wengi. Kichwa chake mara nyingi kina gramu kati ya 75 na 120, linawaka mara moja, na moto wake unapunguzika hadi ukapika uji bila kuunguza. Linatumia kopo fupi nene lenye meno ya kuzungusha, ambalo huuzwa likiwa na gesi ya gramu 100, 230 au 450. Makopo haya utayapata kwenye maduka ya vifaa vya kambi Nairobi. Nunua kabla ya kuondoka. Usitegemee kulipata Nanyuki asubuhi ya kupanda.

Soma maandishi ya kopo. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi 0 za selsiasi kwenye usawa wa bahari, isobutani karibu na nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani nyuzi 42 chini ya sifuri. Chagua kopo lenye isobutani na propani. Hewa nyembamba ya juu husaidia kidogo, kwa sababu shinikizo la nje likipungua gesi hutoka kwa urahisi zaidi, na hiyo ndiyo sababu hata butani huwaka kambi ya Shipton's kwenye mita 4,200. Lakini alfajiri yenye barafu itawaka kwa unyonge, na jinsi gesi inavyotoka ndivyo kopo linavyozidi kupoa. Lala nalo ndani ya begi la kulalia, kisha wakati wa kupika lisimamishe ndani ya sahani yenye maji kidogo yasiyo na barafu.

Dukani, angalia mambo matatu. Mikono ya kushikia sufuria iwe mipana na isiyotikisika: ile myembamba ya majiko mepesi kabisa hupinda ikishika moto na kubebeshwa sufuria ya lita mbili. Kichwa kiwe kipana chenye ukingo unaozuia upepo. Na ile raba nyeusi ndani ya mdomo wa kufungia iwepo, isiwe na ufa. Kiwashio cha kubonyeza usikilipie zaidi, maana mara nyingi hugoma juu mlimani. Laita nayo husumbua ikipata baridi. Beba kiberiti cha njiti ndani ya kikasha kisichoingiza maji.

Yapo pia yale ambayo jiko na sufuria vimetengenezwa kuwa kitu kimoja, sufuria ikiwa na mapezi ya kunasa joto chini yake. Yanaokoa gesi nyingi kwenye upepo, ila ni ghali, ni mazito zaidi, na hayafai kwa chochote zaidi ya kuchemsha maji. Anayekula nudo na kunywa chai tu atayafurahia. Anayetaka kusonga ugali, hapana.

2. Jiko la spiriti

Kwa mtu mmoja asiye na haraka, hili linakaribia sana la kwanza, na kwa bei linalishinda. Halina valvu, halina pampu, hakuna cha kuharibika. Kichwa cha shaba cha aina ya Trangia kina gramu 110 hivi, na la kopo la soda lililotobolewa vizuri halifiki 20. Spiriti inapatikana kwenye hadiwea, ile ambayo mafundi wa mbao huchanganyia rangi na vanishi. Usichukue ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda: ina maji mengi mno, huwaka vibaya na kuzima. Spiriti ni sumu, kwa hivyo isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Iweke kwenye chupa ya umbo tofauti, uiandike kwa kalamu isiyofutika.

Stendi ya sufuria usiagize ng'ambo. Mafundi wa Kamukunji watakukatia na kukukunjia bati wakati ukisubiri. Wapelekee kichwa cha jiko na sufuria yako yenyewe. Mwambie fundi aache nafasi ya sentimita 3 hadi 4 kati ya mdomo wa jiko na kitako cha sufuria, na atoboe matundu ya hewa upande wa chini. Sufuria ikigusana na moto, moto hukosa hewa, masizi yakajaa na maji yasichemke.

Hatari yake ni moja kubwa: mchana moto wa spiriti karibu hauonekani. Watu huungua kwa kuongeza spiriti kwenye jiko wanalodhani limezima. Lifunike, subiri lipoe mpaka uweze kulishika kwa mkono, ndipo umimine.

3. Jiko la pampu, la mafuta ya taa na petroli

Linafaa kikundi cha watu wanne au zaidi, au safari ndefu ya kaskazini ambako makopo ya gesi hayapo lakini petroli ipo. Baridi haiwezi kulizima. Bila chupa, mengi yana gramu 300 hadi 450. Kazi yake ni nyingi: pampu mara 20 hadi 30, washa spiriti kidogo kwenye kikombe chake lipate joto, kisha fungua mafuta polepole. Moto mrefu wa manjano maana yake hujalipasha vya kutosha. Funga uanze tena. Chupa usiijaze hadi mdomoni, iachie hewa ya kupampia. Mafuta machafu huziba kitundu, kwa hivyo nunua kwenye kituo cha mafuta badala ya madebe ya kando ya barabara, na usiondoke bila sindano ya kuzibulia na raba za akiba.

4. Jiko la makopo marefu membamba

Makopo haya ya butani yapo kwenye supamaketi nyingi na ni nafuu. Jiko lake la mezani, lile la kwenye sanduku la plastiki, ni zito mno kubeba. Lenye mpira wa kuunganishia, ambapo kopo hulala chini kando ya jiko, linakubalika kwa safari za chini ya mita 3,000. Hakikisha pengo la shingo ya kopo linatazama juu. Likitazama chini, gesi hutoka katika hali ya majimaji na moto hulipuka juu.

Usinunue

Kopo la kutoboa, ambalo haliwezi kutolewa kwenye jiko mpaka liishe. Jiko la kuni pia liache: kuni za mlimani mara nyingi ni mbichi, kuziokota hifadhini ni kuharibu mahali ulipokwenda kupapenda, na majani ya juu hushika moto upesi mno. Machi 2012 moto mkubwa uliunguza nyanda za juu za Mlima Kenya. Makaa ndani ya hema yanaua usingizini, na jiko lolote katika orodha hii linaweza kufanya vivyo hivyo hema likifungwa. Pika nje. Usikubali pia anayekujazia kopo dogo kutoka mtungi wa nyumbani: gesi ya nyumbani ina mchanganyiko na shinikizo ambavyo kopo hilo halikutengenezewa.

Hesabu ya fueli

Tuchukue watu wawili wanaopanda kwa njia ya Sirimon na kushukia Chogoria, siku nne: vyakula vya jioni vitatu na vya asubuhi vitatu. Asubuhi lita 1.5, jioni lita 2, jumla lita 10.5. Gesi, kukiwa na kinga ya upepo na kifuniko cha sufuria, kadiria gramu 15 kwa lita: gramu 158. Ongeza robo, zinafika 200 hivi, na kopo la 230 linatosha. Bila kinga, gramu 25 kwa lita si ajabu. Hapo unahitaji zaidi ya 260 na kopo lilelile halitoshi. Kwa spiriti kadiria mililita 35 kwa lita; pamoja na robo ya akiba ni 460, basi chupa ya nusu lita.

Kinga ya jiko la gesi isizunguke kopo lote. Ikizunguka, joto hurudi kwenye kopo na linaweza kupasuka. Acha upande mmoja wazi na uguse kopo mara kwa mara: likikuchoma mkono, ondoa kinga. Jiko la spiriti unaweza kulizungushia kote.

Hesabu hii haina maji ya kunywa. Kuyachemsha dakika tatu ili kuua vijidudu hula fueli haraka, hivyo tumia vidonge vya klorini na uvipe muda mrefu zaidi maji yakiwa baridi.

Chakula nacho kina neno. Nairobi maji huchemka karibu na nyuzi 94. Shipton's ni karibu na 86. Maharagwe makavu hayataiva hata kopo liishe, na mchele utakusumbua. Beba oti, nudo, unga wa viazi, au githeri iliyochemshwa na kukaushwa nyumbani.

Wiki moja kabla, pika chakula kimoja nyumbani na jiko lilelile, nje, kwenye upepo. Pima kopo kwa mizani ya jikoni kabla na baada, andika uzito juu yake kwa kalamu, na upake maji ya sabuni mahali linapofungwa: mapovu yakitokea, raba imechoka au umefunga meno kombo. Na kama safari inaanzia Wilson au JKIA, kopo la gesi haliruhusiwi ndegeni, si mkononi wala kwenye mzigo, hata likibaki na gesi kidogo. Panga fueli utakayoipata unakoshuka.