"Ghafla" 143: nilivyompa mhariri mswada wa riwaya yangu

Riwaya hii nimekaa nayo miaka 4. Marafiki 5 waliisoma, wote wakaisifu, mmoja akalia. Basi nilipoupeleka mswada kwa mhariri wa kulipwa nilitarajia anirekebishie tahajia tu. Huduma niliyochukua ilikuwa na awamu mbili: uhariri wa muundo, yaani kisa chenyewe, wahusika na mpangilio wa sura, halafu uhariri wa lugha, sentensi kwa sentensi. Usomaji wa prufu, yaani kusaka makosa madogo yaliyobaki kabla ya kuchapa, ni kazi nyingine, huja mwisho kabisa, na haikuwemo.

Nilipokea barua ya kurasa 9 na mswada uliojaa maoni pembeni. Mwanzoni mwa barua alieleza riwaya yangu inahusu nini, na aliieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuieleza mimi. Kisha yakaja yenye kuuma. Sura 3 za kwanza ziondoke. Salma na Salama wanamchanganya msomaji, mmoja apewe jina jingine. Na shangazi: mhariri alikuwa ametengeneza kalenda ya matukio yote, ikabainika kwamba shangazi alibeba mimba miezi 13! Marafiki wote 5 walipita hapo wasione, na mimi nimepita mara zisizohesabika. Wao walikuwa wakinisoma mimi wanayemjua. Yeye hanijui, akasoma kilichoandikwa.

Zile sura 3 zilinikasirisha hasa. Siku mbili sikuugusa mswada. Kilichonirudisha ni kumkumbuka Harper Lee, mwandishi wa Marekani. Mswada wake wa awali ulimhusu mwanamke mtu mzima anayerudi kwao. Mhariri wake, Tay Hohoff, alimhimiza auandike upya, wakahangaika nao zaidi ya miaka 2, na riwaya iliyotoka mwaka 1960, "To Kill a Mockingbird", ikawa inasimulia utoto wa mwanamke huyohuyo. Ule wa awali nao ulichapishwa mwaka 2015, kwa jina "Go Set a Watchman". Anayetaka kuiona kazi ya mhariri kwa macho yake asome vitabu vyote viwili. Basi nikazikata zile sura 3. Baba niliyekuwa nikimweleza kwa kurasa 30, msomaji sasa anakutana naye kwa kofia yake iliyobaki msumarini, ndani ya sura ya 4, na kofia hiyo ilikuwepo tangu zamani.

Ila kilichonifunza zaidi ni uhariri wa lugha. Mjane yuko chumbani, nami nikaandika: "Alikunja shati la marehemu, akalikunjua, akalikunja tena. Moyo wake ulijawa na huzuni isiyo kifani." Mhariri aliifuta sentensi ya pili, akaandika pembeni: "Shati limeshasema." Nilikaa na maneno hayo mawili jioni nzima. Kisha nikaupitia mswada wote nikitafuta kila mahali nilipomweleza msomaji kitu anachokiona tayari, na pako pengi mno. "Ghafla" pekee zilikuwa 143. Zimebaki 6. Maneno 92,000 yameshuka hadi 71,000, na sauti ni yangu bado, kwa sababu kila badiliko linaonekana kwenye faili na mwenye kukubali au kukataa ni mwandishi.

Nami nimekataa. Babu wa sura ya 11 anaongea lahaja, na mhariri alimnyoosha akawa anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilimrudishia babu maneno yake yote, moja moja. Pia kazi ilichelewa wiki 3 kuliko tulivyokubaliana, na taarifa ya kuchelewa niliipata baada ya kuuliza mwenyewe. Hilo halikunipendeza.

Unayetafuta mhariri, omba kwanza akuharirie kurasa chache za sampuli. Mimi nilizipata kwa wahariri 3, na tofauti kati yao ilikuwa kubwa ajabu. Mmoja alinisahihishia koma tu, mwingine aliniandikia hadithi yake. Huyu aliniuliza maswali, ndiyo maana nikamchagua. Andikianeni pia ni awamu zipi mnalipana na atausoma mswada mara ngapi, maana ukishaandika upya utataka autazame tena.

Mswada wangu wa pili una kurasa 210 na umeshaingia kwenye foleni yake. Safari hii nimemwandikia mapema kwamba lahaja za wahusika zisiguswe, naye amejibu kwa kuniomba orodha ya maneno yao.