Masharti ya kujiunga na shahada ya famasia: tathmini ya huduma ya ofisi moja ya udahili

Niliomba nafasi ya kusoma shahada ya famasia, na katika huduma yote niliyoipata kwenye ofisi ya udahili, kilichonipendeza zaidi ni usaili. Msaili alinisogezea karatasi yenye swali moja: mgonjwa anahitaji miligramu 250, na dawa ya maji iliyopo ina miligramu 125 katika kila mililita 5, apewe mililita ngapi? Jibu ni 10, lakini alitaka nieleze nilivyolipata, kwa kuwa kosa dogo la hesabu kama hiyo laweza kumdhuru mgonjwa. Hapo nilielewa kwa nini walidai hisabati pamoja na kemia na baiolojia, jambo ambalo kijitabu chao cha maelekezo hakikuligusia.

Kijitabu hicho ndicho udhaifu wao mkubwa. Kimeandika "ufaulu mzuri wa kemia" bila kutaja daraja, ilhali kemia ndiyo nguzo ya kozi nzima, maana muundo wa molekuli ndio unaochangia kuamua dawa itayeyuka vipi na itashikamana na nini mwilini. Kuhusu sharti la kuchanjwa dhidi ya homa ya ini aina ya B, niliarifiwa wiki mbili tu kabla ya masomo kuanza, wakati ratiba ya kawaida ya dozi tatu huchukua miezi sita. Vyeti vyangu, nashukuru, vilihakikiwa siku hiyo hiyo. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaitoa watakapoliandika waziwazi daraja la kemia.