Kasha la seva ya nyumbani Lamu: la kwanza lilinishinda, la pili ninalo

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, na ukifika Mfungo Sita napiga za Maulidi. Kazi ya miaka 9 ilikuwa imetawanyika kwenye diski za nje 11, zimefungwa mipira ndani ya kopo la biskuti. Siku mama mmoja wa Langoni alipotaka video ya vugo, ngoma ya wanawake, ya harusi ya bintiye nikaitafuta siku mbili nzima, nikasema basi, naunda seva yangu, kompyuta moja ya kuweka video zote. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, ndogo ya Mini-ITX, ile ya sentimita 17 kwa 17, nilikuwa nayo, na diski 4 za terabaiti 4 nikanunua. Likabaki kasha tu, nikidhani hilo ndilo jepesi.

Kosa langu ni kwamba nilichagua kwa futi ya kupimia. Nyumba yetu ni ya mawe ya zamani, chumba cha ndani kina zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, nami nilitaka kasha litakaloingia katika kidaka kikubwa cha chini kana kwamba vilijengwa pamoja. Nikaagiza Nairobi kijikasha cha mchemraba, diski zinachomekwa kwa mbele kama droo. Likaja hadi Mokowe, likavuka kwa boti, punda akalimalizia. Likaingia kidakani sawasawa. Kijana wa jirani akaniuliza, "Ami, hii ni friji ya mwanasesere?"

Raha ilikuwa ya wiki moja. Kidaka hakina pa kutokea nyuma, kwa hiyo feni inapuliza ukuta na joto linarudi lilikotoka. Diski zikafika nyuzi 53. Nikalihamishia mezani, zikashuka hadi 46, nikanyamaza.

Halafu kusi ikaingia. Asubuhi unaamka hata kurasa za msahafu zimelegea kwa unyevu. Diski ya pili ikaanza kupotea na kurudi, kupotea na kurudi. Nilipofungua, kile kibao cha nyuma ambacho diski zote huchomekwa kilikuwa na pini za kijani, kama sarafu iliyookotwa ufuoni. Penye kila skrubu, palipobanduka rangi, kutu. Chujio halikuwako, na mapanga ya feni yalikuwa yameshika ute mweupe. Fundi akaukwangua kwa ukucha, akautazama. "Chokaa hii, bwana. Inapukutika ukutani, inakutana na chumvi. Kompyuta yako inapakwa kama nyumba."

Kibao kile hakiuzwi peke yake. Na pawa saplai yake, kifaa cha kuigawia kompyuta umeme, ilikuwa ya umbo dogo la SFX, ambayo nilipoiulizia hapa mjini watu walinitazama tu. Ya kawaida ya ATX fundi alikuwa nazo tatu chini ya meza, zimetolewa kwenye kompyuta za zamani.

Safari hii nikanunua kasha la Fractal Design Node 304, na huu ni mwezi wa 14. Si dogo kama lile: upana sentimita 25, kimo 21, kina 37 na kidogo. Kidakani haliingii, na afadhali. Linachukua diski 6, zikining'inia mbilimbili kwenye vishikio vitatu, na kila diski ina kebo yake. Kutoa diski lazima ufungue kifuniko na ushike bisibisi. Wengine wanaliona hilo kasoro. Mimi nasema kebo ikila chumvi nabadilisha kebo, sibadilishi kasha.

Feni mbili za milimita 92 ziko mbele, moja ya 140 nyuma, na nyuma pana swichi ya mwendo wa hatua tatu. Mchana wa kaskazi naiweka juu, usiku naishusha, diski zinakaa kwenye 41 au 42. Machujio yanachomolewa. Nayaosha bombani kila wiki mbili, nayaanika kivulini mpaka yakauke kabisa, na maji yanayotoka ni meupe kama tui la kwanza.

Angalizo: pawa ya ATX isizidi sentimita 16 kwa urefu. Hata hiyo inabana, na nyaya zake nene zinalalia njia ya hewa, kwa hiyo tenga jioni nzima ya kuzifunga vizuri. Penye bati lililokwaruzika nimepaka rangi ya kucha ya mke wangu, kwa ruhusa yake. UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, usiache, umeme wetu mnaujua. Na diski 4 katika sanduku moja bado ni sanduku moja, kwa hiyo harusi zote nimempelekea kaka yangu Mombasa nakala ya pili.

Kidaka kimerudishiwa bakuli zake. Ile video ya vugo niliipata, ilikuwa kwenye diski ya saba. Yule mama ameshanijia tena, sasa anataka ya dada yake.