Darasa la Yoga la Forest ya Zamani, Mbeya: Maoni ya Mstaafu Mwenye Goti Bovu

Darasa hili halina jina wala bango. Linaendeshwa katika ukumbi wa kukodi huko Forest ya Zamani, jijini Mbeya, jioni za Jumanne na Alhamisi na asubuhi ya Jumamosi, na wengi wetu tulilijua kwa kuelekezwa na mtu aliyetangulia. Nimelihudhuria tangu masika yalipokuwa yanaisha hadi sasa baridi inapoanza kulegea, na maoni haya nawaandikia wale waliowahi kufanya yoga ujanani, wakaiacha kwa miaka mingi, na sasa wanafikiria kuirudia wakiwa na umri uliokwenda na viungo vilivyowahi kuumia. Kijana mwenye afya kamili anayetafuta mazoezi ya kutoa jasho huenda asivutiwe, na sitalilaumu darasa kwa hilo.

Kipimo changu ni kimoja. Kwa mtu wa rika langu, ubora wa darasa la yoga hauonekani katika mikao migumu anayoiweza mwalimu. Unaonekana pale mwanafunzi anaposhindwa mkao. Je, mwalimu anamsukuma, anamwacha akae pembeni kama mgonjwa, au anao mkao mwingine unaofanya kazi ileile kwa njia ambayo kiungo kilichoumia kinaimudu? Katika ukumbi mmoja wa mazoezi nilikoanza kuirudia yoga, ambao sitautaja, jibu lilikuwa la kwanza. Kijana aliyekuwa akifundisha alipita nyuma ya watu walioinama na kuwakandamiza mgongoni ili mikono yao ifike sakafuni, na mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alitoka pale ameshika kiuno. Hapa Forest jibu ni la tatu, na ndiyo sababu nimebaki.

Yoga nilijifunza nikiwa mwanafunzi wa kilimo huko Pune, India, mji ambao mwalimu mashuhuri wa yoga, B.K.S. Iyengar, alifungua taasisi yake mwaka 1975. Sikuwa mwanafunzi wake, lakini mtindo wake ulikuwa umeenea, na mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwa kutumia vipande vya mbao, mikanda na viti. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918, alikuwa mtoto dhaifu aliyeandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu, naye ndiye aliyevipa vifaa hivyo nafasi kubwa katika yoga ya leo, ili hata mgonjwa na mzee wapate faida ya mkao bila kuufikia kwa nguvu. Tangu enzi hizo goti langu la kulia limepata ajali ya pikipiki iliyochana gegedu ya ndani, na kifundo cha mkono wa kushoto kimewahi kuvunjika na kuunga kikiwa kimepinda kidogo. Mwili niliorudi nao darasani si ule niliotoka nao Pune, ingawa akili bado inaikumbuka mikao yote, na hapo ndipo ilipo hatari ya kurudi ukubwani: anayeanza upya huogopa, lakini anayerudi huudai mwili ufanye kile alichozoea kuuona ukifanya.

Mwalimu anaifahamu hatari hiyo. Kabla ya kutandika mkeka, kila mgeni huketi naye pembeni na kuulizwa juu ya ajali, upasuaji, presha, macho na mifupa, na mwenye cheti cha hospitali huombwa akilete. Maswali hayo si ya kutimiza utaratibu tu. Mwenye presha ya macho hawekwi katika mikao ya kichwa chini, kwa kuwa mikao hiyo huongeza mgandamizo ndani ya jicho. Mwenye mifupa iliyodhoofika hakatazwi kuinama, ila hufundishwa kuinama kuanzia kwenye nyonga huku mgongo ukiwa umenyooka, kwani pingili dhaifu zinaweza kuvunjika zikikunjwa kwa nguvu kuelekea mbele. Mimi niliambiwa wazi kwamba mkao wa yungiyungi, ule wa kukaa huku kila mguu umepandishwa juu ya paja la mwenzake, nisiufikirie tena.

Maelezo aliyonipa kuhusu katazo hilo yanafaa kusikiwa na kila mwenye goti lililoumia. Kazi ya goti ni kukunja na kukunjua, na uwezo wake wa kuzunguka ni mdogo sana. Kiungo kinachozunguka ni nyonga. Mtu anapoketi kwa kukunja miguu na nyonga zake zimekakamaa, kama zilivyo nyonga za wengi tuliokaa ofisini kwa miongo kadhaa, mzunguko unaokosekana kwenye nyonga hutafutwa kwenye goti, na gegedu iliyokwisha kuchanika ndiyo inayobanwa. Kwa hiyo katika darasa hili tunaketi juu ya mablanketi yaliyokunjwa hadi makalio yawe juu kuliko magoti, na kila goti linalobaki hewani huwekewa kipande cha mbao au mto chini yake. Katika mkao wa kupiga magoti, kitambaa kilichoviringishwa huwekwa nyuma ya goti, kati ya paja na shavu la mguu, kabla ya kushusha makalio, na mwenye goti bovu kweli hushuka juu ya mto mrefu asifike chini kabisa. Nilikuwa nimeshazoea kuamini kwamba mkao huo umenitoka moja kwa moja.

Kifundo cha mkono nacho kimepata ufumbuzi wake. Mkao wa mbwa, ambao mikono na miguu huwa chini na makalio juu, huweka uzito mwingi kwenye kifundo kilichokunjwa sana, jambo ambalo mfupa wangu hauliwezi. Mwalimu huniweka mbele ya dirisha lenye kizingiti kipana. Naweka viganja hapo, narudi nyuma kwa miguu hadi mwili ufanye pembe, kisha navuta nyonga mbali na mikono. Mgongo na misuli ya nyuma ya mapaja hunyooka vilevile, na kifundo hakilalamiki.

Inafaa pia nieleze jinsi anavyosahihisha, maana mwalimu huyu ni binti wa rika la wanangu na nusu ya darasa ni wazee. Humwamkia kila mmoja wetu shikamoo, kisha humuuliza kiungo chake kwa jina: «Mzee, goti linasemaje leo?» au «Mama, bega limelalaje?» Heshima hiyo haimzuii kukataza. Huomba ruhusa kabla ya kumgusa mtu, na mtu akisema hapana, humwonyesha kwa kufanya mwenyewe. Kanuni yake kuhusu maumivu ni rahisi kufuata: mvuto unaosikika katikati ya msuli unavumilika, lakini uchomaji ndani ya kiungo, au ganzi inayoshuka mguuni au mkononi, ni amri ya kutoka kwenye mkao papo hapo. Anaongeza kwamba hukumu ya mwisho hutolewa asubuhi ya pili, kwa kuwa goti linaloamka limevimba limepewa kazi iliyozidi hata kama halikuuma darasani.

Vifaa vingi vimetengenezwa hapahapa. Vipande vya mbao ni vya paini, vimepigwa randa na msasa vizuri hata havichomi viganja, na ingawa ni vizito kuliko vile vya sponji vinavyoagizwa kutoka nje, havibonyei mtu mzima anapovitegemea. Mito mirefu imeshonwa na fundi cherehani na kujazwa sufi, na ni migumu kiasi kinachotakiwa. Mikanda ni ile ya mabegi. Viti, kwa bahati mbaya, ni vya plastiki, na hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Kiti cha plastiki hupinda miguu kikiegemewa upande mmoja, na juu ya sakafu ya marumaru huteleza. Kwa darasa ambalo watu wake hutegemea kiti ili wasianguke, kasoro hiyo si ndogo. Kwa sasa tunaviegemeza ukutani. Viti vichache vya chuma vya kukunja vingemaliza tatizo, na ada tunayolipa inatosha kuvinunua kidogo kidogo.

Kasoro ya pili ni kipindi cha Jumamosi. Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, kwa hiyo saa moja asubuhi marumaru huwa baridi kupenya mkeka. Misuli na kano zilizopoa hukakamaa, na zile zilizowahi kuumia hukawia zaidi kulainika, lakini muda wa kupasha mwili ni uleule wa dakika kumi unaotolewa jioni. Siku hiyo pia watu ni wengi, na mwalimu mmoja hawezi kuliona kila goti. Mwenye majeraha aende jioni za katikati ya wiki.

Wapo waumini wenzangu walioniuliza kama yoga si ibada ya dini nyingine. Asili yake ni India na historia yake imefungamana na dini za huko, hilo halifichiki; hapa darasani, hata hivyo, hakuna nyimbo wala sala, na kinachofanyika ni mikao, pumzi na kulala chali kwa utulivu mwishoni. Kila mtu ataamua na dhamiri yake.

Kuhusu faida, mwalimu hatoi ahadi za miujiza, na nami sitazitoa kwa niaba yake. Gegedu iliyochanika haishoneki kwa kunyoosha mguu, na kila anayeonyesha dalili asizozielewa huelekezwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo tayari yamekubalika kitaalamu. Mwaka 2017 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani nchini Marekani, kiliitaja yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa zinazofaa kutangulizwa kwa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi yanayojenga nguvu na uwezo wa kusimama bila kuyumba angalau siku 3 kwa wiki, ili kupunguza hatari ya kuanguka. Mkao wa mti, wa kusimama kwa mguu mmoja vidole vya mkono vikigusa ukuta, ni zoezi la namna hiyo hasa. Upande wangu, nashuka ngazi za benki bila kushika ukuta, na naweza tena kuvaa soksi nimesimama.

Ada ni shilingi 8,000 kwa kipindi, au shilingi 50,000 kwa mwezi, na mikeka ya kuazima ipo, ingawa ni myembamba na mwenye goti atahitaji kuikunja mara mbili. Nalipatia darasa nyota nne kati ya tano. Ya tano imekaa kwenye vile viti. Anayekwenda mara ya kwanza afike nusu saa kabla kwa ajili ya yale maswali, avae nguo zinazoruhusu kukunja goti, abebe blanketi lake, na asile chakula kizito kuanzia mchana. Soksi azivue wakati wa mikao ya kusimama, kwa sababu marumaru yale hayamwonei huruma mtu.